Pale Usikate

Kibanda changu kipo Mwananyamala, nyuma ya duka la dawa.
Cherehani mbili: moja ya umeme, moja ya mguu
kwa siku LUKU inapolia na mkoba umenyamaza.
Miaka ishirini na miwili nakata vitambaa vya watu.
Wateja nimewajua kwa namna wanavyoachia.

Mama Kemilembe haachii.
Anakuja na kitenge chake cha Kariakoo,
ananikabidhi, kisha anavuta benchi.
"Hapo usikate, fundi. Sogeza kidogo. Hilo ua likae kifuani.
Mbona umeuinamisha mkasi?"
Nikimpa chai anainywa bila kukitazama kikombe.
Mwaka jana aliniomba nimrudishie kitambaa
kikiwa katikati ya kazi,
akaondoka nacho kwapani,
gauni la mkono mmoja, lisilo na mgongo.

Nilimcheka. Nilimsimulia hata kwenye jumuiya, Alhamisi,
wanawake wakashika mbavu.

Sasa nisikilize, Bwana, maana kicheko kimenirudia.

Lusekelo wangu yuko Geita, machimboni,
siku ya tisa hajapiga.
Kila alfajiri napiga magoti kando ya kitanda,
nasema, Baba, huyu ni wako, nimekuachia.
Nasema amina.
Amina haijapoa mdomoni nimeshashika simu.
Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.
Nampigia msimamizi wake. Nampigia mke wa msimamizi.
Nawe nakupangia: iwe simu imeibwa tu,
iwe homa ndogo, ya siku mbili,
iwe chochote, ila mkasi usiupeleke pale, Bwana,
pale usikate.

Labda nawe unanipigia,
ukaambiwa vivyo hivyo.

Jana alikuja msichana, Sijaona, muuza barafu wa Feri,
mikono imekunjamana kwa baridi ya kazi
katika jiji hili linalotokota.
Kitambaa cheupe, kidogo, amekikunja ndani ya gazeti.
"Cha kubatizwa mwanangu."
Mshono gani?
"Utakavyoona, fundi."
Nikampima mtoto akiwa mgongoni, amelala,
futi ya kamba ikapita juu ya pumzi zake.
Mama yake akalipa nusu, akaenda.
Nilitoka hadi mlangoni kuona kama atageuka.
Hakugeuka.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Nikakanyaga ile ya mguu kwa tochi ya simu,
na kwa mara ya kwanza wiki ile
simu ikawa taa tu.
Kola nikaifumua mara tatu.
Mishono ya ndani, ambayo hakuna atakayeiona,
nikaipitia kwa sindano ya mkono,
maana benchi lilikuwa tupu
na hakuna aliyenisimamia,
na kuaminiwa kule kulikuwa kuzito kuliko kusimamiwa.

Nikawaza: kama mimi,
mwenye mkasi butu na kodi ya miezi miwili,
naogopa hivi kumharibia aliyeniachia,
basi Wewe...

Sikuimaliza. Machozi yalitaka kudondoka kwenye kitambaa cheupe,
nikasogeza kichwa.

Sitasema nimeachia. Nitakuwa mwongo,
na Wewe unaijua mishono yangu ya ndani.
Habari za Geita bado sina.
Asubuhi ya leo nilipiga mara moja, si mara nne;
ya pili niliibonyeza nusu, nikaiacha.
Benchi nimelitoa nje, kwenye kivuli cha bati,
wapumzike wanaotoka hospitali.

Lakini najijua.
Kabla ya adhuhuri nitakuwa nimelivuta tena,
nimekaa mbele yako, nanyoosha kidole.
Ukiniona, usinirudishie kitambaa,
hata nikikiomba kwa kulia.
Nipe chai, Bwana.
Endelea kukata.